Mrengo wa Kushoto na Haki ya Kukataa: Yaliyopita Kongwa

Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa jijini Dodoma tarehe 3 Novemba 2025, siku tano baada ya uchaguzi ambao Tume ya Uchaguzi ilitangaza kuwa ameushinda kwa karibu asilimia 98. Intaneti ilikuwa imezimwa. Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi mkoani Singida, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na chama chake cha CHADEMA kilikuwa kimeenguliwa kwenye uchaguzi tangu Aprili. Luhaga Mpina, aliyepitishwa na ACT-Wazalendo kugombea urais, naye hakuwamo kwenye karatasi ya kura. Watu waliuawa mitaani. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika, ambao kwa kawaida huwa wapole kwa serikali inayowapokea, safari hii walisema waziwazi kwamba uchaguzi haukufikia viwango ambavyo nchi za Afrika zimejiwekea zenyewe.

Katika mabishano yaliyofuata yalirudi maneno tuliyoyasikia tangu utotoni: mabeberu, vibaraka, wanaotumwa, wanaotamani madini yetu. Maneno hayo hayakubuniwa na polisi wala na wasemaji wa serikali. Ni urithi wa mrengo wa kushoto, yaani wajamaa, Wamarx wa chuo kikuu, vyama vya ukombozi na marafiki zao wa Ulaya. Yalikuwa silaha ya wanyonge. Leo yanatumika kumnyamazisha mnyonge aliyedai kura yake, na wapo watu wa mrengo huo, hapa kwetu na ng'ambo, wanaoona ni sawa, kwa kuwa anayelalamika anaungwa mkono na balozi fulani.

Mimi naamini mabeberu wapo. Naamini pia kwamba hoja ya msingi ya mrengo wa kushoto kuhusu demokrasia ni ya kweli na haijapitwa na wakati: kura haina nguvu pale ambapo bei ya pamba, masharti ya mkopo na umiliki wa mgodi vinaamuliwa mahali ambapo mpiga kura hafiki. Mwaka 1986 Tanzania ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi ilishushwa thamani, na miaka iliyofuata mzazi akaanza kuchangia gharama za shule na hospitali. Hakuna Mtanzania aliyepigia kura jambo hilo. Serikali za Magharibi zinazotufundisha utawala bora ndizo zilizombeba Mobutu wa Kongo kwa miaka zaidi ya 30 baada ya Lumumba kuuawa Januari 1961, na Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kumtambua Idi Amin alipopindua serikali mwaka 1971. Anayesema huo ni unafiki anasema kweli.

Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, unalijua jambo hili kuliko sehemu nyingi. Kati ya 1917 na 1920 ulipigwa na njaa ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Mvua zilikosekana, ndiyo, lakini ukame Ugogo si jambo geni, na watu walikuwa na njia zao za kuuvuka: mifugo iliyowekwa kwa jamaa na marafiki wa mbali, mashamba yaliyotawanywa ili mvua ikikosa hapa ipate kule, akiba ya mtama na uwele. Kilichozivunja njia hizo ni majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza, yaliyochukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo kwa ajili ya vita ambavyo Mgogo hakuvianzisha wala hakuambiwa vinapiganiwa nini.

Basi kasoro iko wapi? Kwa maoni yangu mrengo wa kushoto umekosea mahali palepale mara nyingi mno. Umedhani kwamba madhumuni yakiwa ni ya wananchi, wananchi hawana haja ya kuwa na uwezo wa kukataa. Haya yote yanaonekana kwa mtu anayeifuata historia ya wilaya moja tu, Kongwa, mashariki ya Dodoma, kwa sababu karibu kila sura ya mrengo wa kushoto ya karne iliyopita imepita pale.

Tuanze na karanga. Watu wengi wanaupa mradi wa Waingereza wa kulima karanga jina la ukoloni na kuishia hapo. Lakini serikali iliyouanzisha ilikuwa ya chama cha Labour cha Clement Attlee, serikali iliyoipa Uingereza matibabu ya bure na kuipa India uhuru wake. Waziri wa Chakula aliyeusimamia, John Strachey, alikuwa amejulikana miaka ya 1930 kama mwandishi wa Kimarx. Wazo lenyewe lilitoka kwa Frank Samuel wa United Africa Company, tawi la Unilever, na tume ya John Wakefield ikapewa wiki tisa tu mwaka 1946 kulikagua huko Afrika Mashariki. Ikarudi na mpango wa kufyeka ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa ikiwa mahali pa kuanzia. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani vikageuzwa kuwa matrekta. Mibuyu na vichaka vya miiba vikavunja majembe. Kiangazi kilipofika udongo mwekundu wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikashindwa kung'olewa. Januari 1951 serikali ya London ikautangaza mradi kuwa umekufa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda.

Hasara hiyo imesimuliwa sana, na kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha ujinga wa kitaalamu. Mimi naona jambo lingine humo. Karanga zile zilikusudiwa kumpa mfanyakazi wa Manchester mafuta ya kula wakati chakula Uingereza kinagawiwa kwa kadi. Yalikuwa madhumuni ya kijamaa kabisa, ya kumlisha mtu wa tabaka la chini. Chama cha wafanyakazi wa nchi moja kilichukua ardhi ya wafugaji na wakulima wa nchi nyingine ili kutimiza haki kwa watu wake, na wale wafugaji hawakuwa na kikao, mahakama wala kura ya kusema hapana. Mgogo aliyelima pale alijua mvua ya Kongwa ilivyo. Hakuulizwa, na hata angesema, hapakuwa na mtu aliyelazimika kumsikiliza.

Kuanzia 1964 Kongwa ilipata wageni wengine, na hapa naandika kwa fahari. Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA mahali pa kuweka kambi, katika mji uleule ulioachwa na mradi wa karanga. Samora Machel alipita pale, Chris Hani alipita pale. Nchi maskini ilijitia hatarini kwa ajili ya watu wasio raia wake. Mwaka uliofuata, Desemba 1965, Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya utawala wa walowezi wa Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Wenyeji wa Kongwa waliishi na wapiganaji hao, walifanya biashara nao, walioana nao, na wapo waliozaliwa kutokana na ndoa na mapenzi hayo. Kama kuna wakati ambapo mrengo wa kushoto wa Afrika uliweka mwili wake mahali pa maneno yake, ni huo.

Lakini ndani ya ukombozi huohuo lilikuwamo swali ambalo halikuruhusiwa kuulizwa: mpiganaji akiwa na malalamiko dhidi ya viongozi wake, aende wapi? Mwaka 1976 Andreas Shipanga na wenzake kumi wa SWAPO, waliokuwa wakidai mkutano mkuu wa chama na maelezo kuhusu uongozi, walikamatwa Zambia. Mahakama ya Zambia ilipotakiwa kuamua kama wanashikiliwa kihalali, waliletwa Tanzania, ambako sheria ya kuweka watu kizuizini ya 1962 iliruhusu kuwafungia bila mashtaka. Hawakuachiwa hadi Mei 1978. Katika miaka hiyohiyo Abdulrahman Babu, Mmarx aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya Nyerere, alikuwa kizuizini Bara tangu 1972 kufuatia kuuawa kwa Rais Karume wa Zanzibar, naye akatoka 1978. Waliofungwa walikuwa wa kushoto, na waliowafunga walikuwa wa kushoto. Hakuna beberu aliyeshika ufunguo.

Vijiji vya ujamaa ndivyo vilivyoziumiza zaidi nyanda za kati, na ni vigumu kuviandika bila kumtendea haki Mwalimu Nyerere, kwa sababu alichokiamini alikiishi. Baada ya ukame wa mwisho wa miaka ya 1960 alikwenda mwenyewe Chamwino, akakaa, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Oktoba 1968 alikuwa ameandika kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu. Ni maandishi bora kabisa ya demokrasia ya kijamaa kutoka bara hili. Mwaka mmoja haujapita, tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya chama tawala, TANU, ilikipiga marufuku Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, umoja wa vijiji vilivyojiunda vyenyewe, vikalima pamoja, vikachagua viongozi wao na kuendesha shule yao. Kosa lake lilikuwa kuufanyia kazi ujamaa bila kuongozwa na ofisi ya chama ya mkoa. Nikilazimika kutaja siku moja ambayo ujamaa wa Tanzania uligeuka, nataja hiyo, kuliko siku yoyote ya kuyumba kwa uchumi.

Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia watu vijijini, ilifuata, 1970 na 1971, kisha Novemba 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini ni lazima. Mgogo alikuwa akiishi kwenye tembe, nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa bapa, zizi likiwa ndani ya ua, na samadi ya zizi hilo ndiyo iliyorutubisha shamba la jirani na nyumba. Kumhamisha kwenda kwenye safu ya nyumba kando ya barabara kulimaanisha kumtenga na samadi yake, kumrefushia njia ya kwenda shambani, na kuwakusanya ng'ombe wote mahali pamoja hadi ardhi ikabaki vumbi. Mahali pengine tembe zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Kwa jirani, Isimani mkoani Iringa, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Wilbert Klerruu, siku ya Krismasi 1971, akanyongwa. Ulaya, wasomi wa mrengo wa kushoto waliendelea kuandika juu ya mfano wa Tanzania, na Benki ya Dunia, adui wao wa kawaida, nayo iliendelea kukopesha. Wote wawili walikuwa wakizungumza na Dar es Salaam. Aliyebomolewa tembe alizungumza na katibu tarafa.

Kondoa, kaskazini mwa Dodoma, inafaa kutajwa kwa sababu matokeo yake hayakuwa mabaya yote. Mradi wa kuhifadhi ardhi, HADO, ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden, nchi ambayo wanademokrasia wa kijamii waliijenga kwa vyama vya wafanyakazi na mabaraza. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa wa kutisha, makorongo yamekula mashamba. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote iondoke katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi, hilo halina ubishi. Ila ng'ombe ndiye benki ya Mrangi, ndiye mahari na ndiye maziwa ya mtoto, na anayetolewa ng'ombe kwa amri hupoteza vyote kwa siku moja. Msweden asingekubali kufanyiwa hivyo na serikali yake mwenyewe bila baraza la mji wake kupiga kura.

Kuhusu Uganda, wengi hudhani vita vya 1978 na 1979 ndivyo vinavyoonyesha unafiki wa Tanzania, nchi iliyohubiri kutoingilia mambo ya wengine. Sikubaliani. Amin aliivamia Kagera na kutangaza kuwa ni yake, na Nyerere kwa miaka mingi alikuwa ameishutumu OAU, umoja wa nchi za Afrika, kwa kuwakinga marais wanaowaua watu wao. Mwaka 1968 aliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, kwa hoja hiyohiyo, akapingana na karibu Afrika nzima. Alikuwa na msimamo. Nafikiri jambo lililo gumu zaidi lilikuja baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katika UNLF, umoja wa Waganda waliompinga Amin, walikuwamo watu wa kushoto kama Dani Nabudere na Edward Rugumayo, waliotaka Waganda wajiongoze kupitia baraza lao la mashauriano. Mei 1980 Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ilimwondoa Rais Binaisa, na jeshi letu, lililokuwa na nguvu kuliko chombo chochote nchini humo, likaacha iwe. Desemba ukaja uchaguzi uliomrudisha Obote, ambao waliopoteza hawakuukubali, na vita vikaanza tena.

Aliyevianzisha vita hivyo alikuwa amesoma kwetu. Yoweri Museveni aliongoza USARF, jumuiya ya wanafunzi wa kimapinduzi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo serikali ya ujamaa iliipiga marufuku mwaka 1970 pamoja na jarida lake la Cheche, baada ya jarida hilo kuchapisha uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu tabaka jipya lililokuwa likijineemesha kwa jina la ujamaa. Museveni alishika dola 1986, akaondoa ukomo wa mihula 2005, na jeshi lake likaingia Kongo. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325. Alijifunza chuoni namna ya kumtambua beberu. Hakujifunza kwamba mtu wa Ituri, huko Kongo, naye ana haki ya kumwona mwanajeshi wa Uganda kama beberu.

Tukirudi Dodoma, mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa 1992 haukudaiwa na wengi. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliripoti kwamba karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na ikaorodhesha sheria 40 kandamizi zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Vyama vilikuja, sheria nyingi katika hizo zikabaki. Mwaka mmoja kabla, kikao cha chama tawala, CCM, kilichofanyika Zanzibar kilikuwa kimelegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, kwa hiyo kiongozi akaruhusiwa kumiliki hisa na nyumba za kupangisha. Matokeo yake ni kwamba tulibaki na ukali wa chama kimoja bila maadili yake, na Ibara ya 3 ya Katiba bado inasema nchi yetu ni ya kidemokrasia na ya kijamaa.

Mwaka 2022 lilifunguliwa Kibaha chuo cha uongozi chenye jina la Mwalimu, kilichojengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China kwa ajili ya vyama sita: CCM, ANC, SWAPO, FRELIMO, MPLA na ZANU-PF. Vinne kati ya hivyo viliwahi kuwa na wapiganaji Kongwa. Sina tatizo na urafiki wa China, iliyotujengea reli ya TAZARA wakati Magharibi ilikataa. Lakini kama semina ya taasisi ya Kijerumani kwa chama cha upinzani ni uingiliaji, basi chama cha taifa kubwa kinapowanoa makada wa chama tawala nacho ni uingiliaji. Msomi wa kushoto anayeona cha kwanza asione cha pili ameshachagua upande, na upande huo si wa wanyonge.

Yako mambo ambayo hayana Mzungu ndani yake kabisa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, imeundwa na Waafrika kwa mkataba wa Waafrika. Mwaka 2013 iliamua katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mwaka 2020 iliamua kwamba Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu, inayozuia matokeo ya urais yasihojiwe mahakamani, inapingana na Mkataba wa Afrika. Kati ya hukumu hizo mbili, Novemba 2019, Tanzania ilikuwa imeondoa ridhaa iliyomruhusu raia kuishtaki moja kwa moja pale. Mgombea binafsi hayupo, na ile ibara ipo. Nani alikuwa beberu katika kesi hizo?

Mrengo wa kushoto wa Tanzania uliwahi kulijibu swali la demokrasia vizuri kuliko walimu wake wote, na jibu halikuhusu Ikulu. Mwaka 1991 na 1992 Shivji yuleyule, ambaye uchambuzi wake ulisababisha jarida kufungwa, aliongoza Tume ya Rais kuhusu Masuala ya Ardhi. Ilisikiliza wananchi mikoani na kurudi na pendekezo lenye uzito wa mapinduzi: ardhi ya kijiji iwe mali ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa pale, na mamlaka ya juu ya ardhi yatoke mikononi mwa Rais na serikali. Mkutano huo ungekuwa na uwezo wa kumwambia hapana mwekezaji, mkuu wa wilaya na chama pia. Umagharibi haukuhitajika katika wazo hilo, na soko huria halikuhitajika. Ni ujamaa wa Oktoba 1968 ukiwekewa meno ya kisheria. Serikali ilikataa sehemu yake ya msingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilivipa vijiji usimamizi, ikamwachia Rais udhamini wa ardhi yote na uwezo wa kuihamisha kwa manufaa ya umma.

Kongwa ina ranchi ya taifa, iliyozaliwa ndani ya mradi wa karanga. Ardhi yake ilitoka kwa Shirika la Chakula la Ng'ambo la serikali ya Labour, ikaenda kwa Shirika la Kilimo la Tanganyika wakati wa ukoloni, kisha ikawa chini ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, iliyoundwa 1968 katika ujamaa na kubaki hadi leo katika soko huria. Katika kila makabidhiano hayo kulikuwa na saini za pande mbili, na wanavijiji wa Kongwa hawakuwa hata upande mmoja.